Namba Arobaini na Nne na Kuku wa Mama

Walisema sitamaliza darasa la nane. Walisema nikiwa nimesimama papo hapo, kama watu wanaojadili bei ya ng'ombe mbele ya ng'ombe mwenyewe. Baba mdogo Ondieki, ndugu yake marehemu baba, aliapa kwamba nikimaliza ataacha ugoro. Mwalimu wetu wa darasa la nne alisema kichwa changu kimeumbwa vizuri kwa kubebea magunia. Bosibori, jirani yetu ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, aliahidi kunisomea barua zangu zote mpaka uzeeni, kwa sababu mwenyewe sitaweza.

Nina diploma ya ufundi wa majokofu. Naisema mapema asije mtu akadhani anasoma habari za mnyonge. Nilifanya kazi Nairobi, nikavuka kwenda Uarabuni, nikapoza majumba marefu ambayo hata wenyewe hawajui yana vyumba vingapi, kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu na kwa nauli yangu. Karakana yangu iko mjini Kisii, nyuma ya maduka ya vitambaa ya Wahindi. Friji ya nyama ikinyamaza, friji ya maziwa ikinyamaza, ni mimi ninayetafutwa. Na Baba mdogo Ondieki bado ananusa ugoro.

Juma lililopita fundi mwenzangu alikuwa akiosha kipande cha mashine kwa mafuta ya taa. Harufu ikanipata nikiwa nimeinama, bisibisi mkononi, na ghafla sikuwa tena mjini. Nilikuwa jikoni kwa Mama, kando ya taa ya koroboi iliyotengenezwa kwa kopo la mafuta ya kupikia, ule utambi wake ukitoa moshi mwembamba unaopanda moja kwa moja puani. Nyinyi wa rika langu mnaujua moshi ule. Asubuhi ukipenga kamasi, inatoka nyeusi kama wino. Nilisimama vile mpaka fundi akaniuliza, "Boss, uko sawa?" Nilikuwa sawa. Nilikuwa darasa la nne.

Kwetu ni karibu na Ekerenyo, upande ambao mvua haina adabu. Jua linakuchekea asubuhi yote, kufika saa nane mbingu imefunga na mtu mwenye chai shambani anakimbia na kapu mgongoni, amejifunika karatasi ya nailoni. Mama alichuma chai yetu kidogo, akachuma na ya watu. Mimi nilimfuata kila jioni hadi kwenye banda la kupimia majani, na pale ndipo nilipoanza kuelewa dunia vibaya.

Maana maishani mwangu nilikuwa nimesikia namba za watu zikisomwa kwa sauti mahali hapo tu. Gunia lilitundikwa kwenye mizani, karani akatazama, akapaza sauti. Namba ikiwa kubwa, wanawake walipiga vigelegele. Mwenye kilo saba alijifanya anakaza kamba ya kapu asionekane uso. Mwenye kilo arobaini alienda nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Madarasa matatu ya kwanza hatukuwahi kusomewa nafasi zetu. Mwalimu aliziandika kwenye karatasi, na karatasi za aina hiyo kwetu zilitumika kuwashia moto. Lakini kuanzia darasa la nne, siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu alisimama mbele ya mlingoti wa bendera akatangaza wote, wa kwanza hadi wa mwisho, wazazi wakisikia. Mama hakuwepo, chai ilikuwa imekomaa na haingoji mtu.

"Namba moja, Nyaboke," akasema mwalimu mkuu.

Nikamwonea huruma. Nyaboke alikuwa jirani yetu, msichana mwembamba mwenye magoti yenye vumbi, na tulipita njia moja kila siku. Nilimjua kuwa mwenye bidii. Na sasa ametoka na moja tu, mbele ya watu wote! Nikatazama chini asije akaniona namwangalia. Namba mbili, namba tatu, namba nne. Maskini wa Mungu. Kadiri majina yalivyosonga bila langu kutajwa, ndivyo kifua kilivyonijaa. Tulipofika thelathini nilianza kutabasamu. Tulipofika arobaini nilikuwa nimesimama kwa ncha za vidole.

"Arobaini na nne," akasema, akataja jina langu. Halafu akafunga karatasi.

Shule nzima ikalipuka kwa kelele. Nami, nikijua vigelegele ni vya nani, nikainua mikono yote miwili.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nilimkuta Mama ameinama kwenye chai, nikamwita kutoka mbali, "Arobaini na nne! Mama, arobaini na nne!" Mama hakuwa amekanyaga darasa. Alijua kilo, alijua misimu, alijua ni jani lipi karani atalikataa. Akanyooka taratibu, mkono kiunoni.

"Arobaini na nne? Peke yako?"

"Peke yangu. Hakuna mwingine aliyefika."

Akashusha kapu kabla halijajaa, jambo ambalo sikuwa nimeliona likitokea. Tukashuka nyumbani, akamkamata yule kuku wetu mweusi aliyekuwa akitaga, akamchinja. Alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando huku sufuria ikitokota, akanitazama nikinywa, akacheka peke yake. Mpaka leo sijapata sherehe nyingine kama ile, na nimekula kwenye hoteli ambazo nguo ya meza ni bora kuliko shuka zangu za utotoni.

Mama Nyaboke, mama wa yule msichana, ndiye aliyekuja kuomba kaa la moto. Akanusa kabla ya kuingia.

"Heee, mwenzangu! Leo kuna mgeni?"

"Hakuna mgeni. Ni huyu. Ametoka shuleni na arobaini na nne."

Mama Nyaboke akatazama sufuria, kisha akanitazama mimi.

"Na wa kwako?" Mama akauliza.

"Wa kwangu… ni namba moja."

Mama akamshika mkono. "Moja? Pole, dada. Usimpige. Muhula ujao atajikaza."

Mama Nyaboke aliketi chini, mlangoni pale pale. Mabega yakaanza kumtikisika, machozi yakamtoka, nami nikadhani analilia mtoto wake. Kumbe ni kicheko, na alikuwa akijaribu kukizuia kwa heshima. Kilipomwisha akapangusa uso kwa leso, akamweleza Mama polepole, kwa sauti ya chini, jinsi namba za shule zinavyohesabiwa. Kwamba moja ndiyo ya juu. Kwamba tulikuwa watoto arobaini na nne.

Nilimtazama Mama. Hakunitazama. Aligeuza nyama kwenye sufuria, akafunika, akafunua tena.

"Basi kaa ule," akamwambia Mama Nyaboke. "Kuku ameshaiva."

Tukala. Sikumbuki ladha yake.

Kufikia Sabato habari ilikuwa imefika kanisani, na kabla ya juma kwisha nilikuwa na jina jipya: Kilo. "Kilo, leo umepima ngapi?" Mama naye akawa Mama Kilo, na akaitika. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeelewa jambo moja na kuliamini kabisa: kujua ni kama urefu. Mungu ameshagawa. Nyaboke alizaliwa na majibu ndani yake kama ng'ombe alivyo na maziwa, anangoja tu kukamuliwa, nami nilizaliwa mkavu. Muhula ulipofunguliwa nikahamia dawati la nyuma, karibu na ukuta wenye ufa. Mwalimu akiuliza swali, nilihesabu siafu wanaopita kwenye ufa.

Baba mdogo Ondieki alikuja wiki hiyo. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na sauti katika boma letu, na aliitumia. Alikalia kigoda, akajipa ugoro, akapiga chafya mara mbili.

"Shemeji, tusidanganyane. Huyu ni mkono wa chai. Mimi nina chai inayozeeka shambani kwa kukosa mikono. Anipe mikono yake, nimpe chakula."

"Mwache asome."

"Asome nini? Amekuwa wa mwisho. Hakuna namba iliyobaki chini yake."

"Mpe muhula mmoja."

Baba mdogo akanitazama kama karani anavyotazama majani yaliyonyauka. "Muhula mmoja. Akiwa wa mwisho tena, siku hiyo hiyo nakuja na kapu lake."

Mama alikubali. Sikulala vizuri. Si kwamba niliogopa chai; chai niliijua. Niliogopa kwa sababu moyoni nilikuwa nikikubaliana naye.

Sasa nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Kuna kazi ya zamu ambayo sisi tunaiita egesangio. Wanawake wa kijiji wanaungana. Leo wote wanalima shamba la huyu, keshokutwa la yule, mpaka mzunguko uishe. Hakuna anayelipwa. Ukipokea majembe, unadaiwa majembe, na kudaiwa huko ni kuzito kuliko mkopo wowote wa benki, kwa sababu wanaokudai unakutana nao kisimani. Mama alikuwa katika egesangio ya wanawake saba. Palizi ilipofika na zamu yake ikakaribia, wakakutana kwa Mama Nyaboke kupanga. Nami nilikuwepo, nikimenya ndizi za jioni.

"Zamu yangu msilete majembe," Mama akasema.

"Tulete nini, vijiko?" Bosibori akauliza.

"Leteni watoto wenu wanaojua kusoma. Badala ya kunilimia, kila nyumba inipe mtoto wake jioni, kwa zamu, mpaka muhula uishe, amfundishe huyu. Majembe yenu mimi nitaendelea kuwapigia kama kawaida."

Mama Nyaboke akasema, "Na shamba lako? Mahindi yataliwa na magugu."

"Magugu nayafahamu. Nitapambana nayo mwenyewe."

"Yaani tukulimie kichwa cha mtoto?" Bosibori akapiga makofi. "Yaye! Kichwa cha Kilo? Kile kina mawe, jembe litavunjika!"

Wote wakacheka, hata mimi nusura nicheke. Mama hakucheka.

"Basi wewe ulete jembe zuri," akamwambia.

Ndivyo jioni zetu zilivyoanza. Mvua ikinyesha juu ya mabati, ndizi zikichemka, koroboi juu ya debe lililopinduliwa. Ombati, mwana wa Bosibori, alikuwa darasa la sita na alifundisha kama mhubiri, kwa kupaza sauti na kunyoosha kidole. Alinikaririsha hesabu za kuzidisha huku akila ndizi zetu, na akiwa amejaza mdomo, saba mara nane ilitoka ikiwa na harufu ya ndizi. Mpaka leo inayo. Nilikariri, nikasahau, nikakariri. Lakini kukariri hakukunitoa kwenye ule ukuta wenye ufa. Aliyenitoa ni Nyaboke, na hakukusudia.

Jioni hiyo alikuja na kazi yake mwenyewe ya nyumbani, hesabu ndefu ya kugawanya. Alinipa yangu, akainamia yake. Mimi sikufanya yangu, nilimtazama yeye. Nilitaka kuona majibu yanavyotoka kwa mtu aliyezaliwa nayo. Akaandika. Akasimama. Akalamba kidole, akafuta. Akaandika tena, akauma penseli, akafuta tena kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Pua ilimtoka jasho. Hata mimi niliona kwamba jibu lilikuwa limezidi namba yenyewe iliyogawanywa.

"Umekosea," nikanong'ona, kama mtu aliyemfumania pasta kwenye chang'aa.

"Naona."

"Wewe pia hukosea?"

"Kwani nani hakosei? Jana nilikosa maswali saba."

"Na wewe ni namba moja!"

"Kwa hivyo? Nikikosea narudi nyuma natafuta ni wapi. Wewe ukikosea unafunga kitabu unatazama siafu. Nimekuona. Sogeza taa, Kilo, siioni karatasi."

Nikasogeza taa. Ndani yangu kulikuwa na ghasia. Basi hakukuwa na maziwa! Kulikuwa na msichana mwenye jasho puani, anayekosea kama mimi, anayerudi nyuma, na asiyeona haya. Nilichukua hesabu yangu nikaikosea. Nikarudi nyuma. Nikaikosea mahali pengine, na kwa mara ya kwanza nikaona hilo nalo ni hatua, maana lile kosa la kwanza halikuwepo tena.

Siku chache baadaye nilinyoosha mkono darasani. Mwalimu alitazama kwanza ukutani nyuma yangu, akidhani kuna mwingine. Nikajibu. Jibu halikuwa sahihi.

"Kaa chini," akasema, na darasa likaitika, "Kilooo!"

Sikukaa. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nafikiri hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza mtu yule swali hilo. Alishika chaki, akaigeuza, kisha akaandika hesabu upya ubaoni, hatua kwa hatua, na katikati nikapaona mahali pangu. "Hapo!" nikasema. "Hapo ndipo nilipopotea." Mwalimu hakunisifu, hakuwa mtu wa sifa. Ila siku iliyofuata aliponiona nimenyoosha mkono, hakutazama ukutani.

Wakati huo Mama alikuwa akishindwa. Asubuhi alipiga jembe kwa wenzake, mchana alichuma chai, na jua likizama ndipo alipoingia shambani kwetu, mtu mmoja dhidi ya magugu ya robo tatu ya ekari. Magugu hayakuwa na huruma. Kote kijijini mahindi yalisimama marefu, ya kijani kilichokoza; yetu yalikuwa mafupi na ya manjano, na kila apitaye alijua ni kwa sababu gani. Bosibori alisimama mpakani akatikisa kichwa. Mimi nikapita na vitabu.

Siku ya kufunga shule ilipofika, Mama alikuja. Alisimama nyuma ya wazazi wote, leso imefungwa vizuri. Baba mdogo Ondieki naye alikuja, na kapu mkononi, jipya, kamba zake bado nyeupe. Namba moja, Nyaboke. Sikumwonea huruma tena. Majina yakaja, yakaja, na safari hii kila jina lililotajwa lilinichoma, kwa sababu sasa nilijua. Ishirini. Ishirini na tano. Thelathini. Nilifumba macho.

"Thelathini na moja," akasema mwalimu mkuu, na ikawa ni mimi.

Hakuna aliyepiga kelele. Thelathini na moja haichekeshi wala haisifiwi. Lakini Mama alikuwa amejifunza kuhesabu kwa upande wa shule, na nilimwona akikunja vidole.

"Thelathini na moja ndiyo nini?" Baba mdogo akasema njiani. "Hata hiyo ni mkia."

"Ulisema akiwa wa mwisho," Mama akajibu. "Nyuma yake kuna watoto kumi na watatu. Kapu lako mpelekee mmoja wao."

Baba mdogo akajitwika kapu begani akashika njia yake. Jioni hiyo hatukuchinja kitu. Hakukuwa na kuku. Tulikula ndizi za kuchemsha na mboga chungu za chinsaga, na Mama akaniambia nile pole pole, mahindi ya mwaka huo hayatatosha.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia, nami nayasema kwa raha. Nilimaliza darasa la nane. Nilimaliza sekondari. Chuoni nilianguka somo la umeme, nikalirudia, nikalipasi vizuri kuliko waliolipita mara ya kwanza. Uarabuni niliwakuta mafundi wenye vyeti vikubwa kuliko changu ambao mashine ikiwashinda huitupia lawama. Mimi niliifungua tena. Ndiyo maana walirudi kwao na mimi nikapandishwa cheo.

Niliporudi, nilimjengea Mama nyumba ya mawe. Aliizunguka, akagonga ukuta, akasema ni nzuri. Kisha akasema, "Na walionilimia kichwa chako umewalipa lini? Jembe langu lilikuwa la siku moja kwa kila nyumba; wao walitoa muhula mzima."

Nilikuwa tayari. Nilifunga bahasha, moja kwa kila nyumba, nono, na nikaanza na Bosibori, ambaye sasa nywele zake zote ni nyeupe. Alifungua, akachungulia, akanirudishia.

"Mimi nilikupa hela?"

"Hapana, Mama Ombati."

"Ombati alikupa hela?"

"Alikula ndizi zetu."

"Ee, alikula sana!" Akacheka mpaka akakohoa. "Basi peleka hii kwa mama yako anunue kuku. Sisi tunadai jembe."

Nilizunguka nyumba zote na jibu likawa lile lile. Wengine walikuwa wametangulia mbele za haki. Wake wa wana wao nao wakanionyesha tu shamba. Kwa hiyo Jumapili moja, wakati wa palizi, mwenye diploma ya majokofu aliegesha gari kanisani akachukua jembe. Vipande vilikuwa vidogo, kwa kuwa ardhi imegawanywa sana siku hizi, na wana na wajukuu wa nyumba zile waliona haya kukaa wakitazama, wakaingia mistarini nami. Lakini katika kila shamba nilikuwa mbele. Kufikia adhuhuri viganja vilikuwa vimeota malengelenge. Kufikia saa nane mvua ilikuja kama kawaida yake, na Ombati, ambaye sasa ni mwalimu wa kweli, akapaza sauti kutoka chini ya mgomba, "Kaza, Kilo! Leo ni zaidi ya arobaini na nne!" Watu wakaangua kicheko, nami nikaangua pamoja nao.

Shamba la mwisho lilikuwa la Mama Nyaboke. Nyaboke mwenyewe alikuwa amekuja kutoka Nyamira anakofanya kazi ya uuguzi, na akasema deni lake limo ndani ya la mama yake, asilipwe mara mbili. Nilipofika mwisho wa mstari nikanyoosha mgongo, nikaliegemea jembe. Mama Nyaboke akaja polepole na mkongojo wake, akapita katikati ya mahindi akiinama hapa na pale. Wote walikuwa wametulia wakimngoja.

"Hapa umeruka," akasema.

Kuna mameneja wa hoteli wanaoniita injinia. Kuna vijana wanaosimama nikiingia karakana. Nilitupa jembe begani nikarudi nyuma.

"Wapi, Mama?"

"Hapo. Na hapo. Na huko chini ya migomba, umekata majani ukaacha mizizi. Kesho yatarudi."

Nilipiga magoti kwenye tope, nikaing'oa ile mizizi kwa mikono, mmoja mmoja, naye akiwa amesimama juu yangu akinionyesha kwa ncha ya mkongojo. Nilipomaliza akarudia mstari mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka.

"Sasa ndiyo," akasema. "Nenda ukaoge, baba. Tumemalizana."

Nilinawa kwenye mfereji, malengelenge yakiwaka, kisha nikapanda kilima kwenda kwa Mama nikitembea katikati ya njia, bila kudaiwa na mtu yeyote.